Mhariri, mkiandika "imepimwa kwa panya" muandike na imepimwa siku ngapi

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na kama inawezekana usiikate sana maana hili jambo likikatwa katikati linaweza kueleweka vibaya kabisa.

Gazeti lako kwa muda sasa linatoa matangazo, na hata habari za kawaida, kuhusu dawa za miti shamba za sukari, presha, vidonda vya tumbo, uzazi, nguvu za kiume, na karibu kila moja ina sentensi ileile kwamba dawa imepimwa maabara kwa panya na kuthibitishwa haina madhara. Mimi ni fundi wa maabara, sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeimalizia kwenye nyumba ya wanyama, pale wanapofugwa panya weupe na sungura wa utafiti (sio wale panya buku wa huku kwetu Morogoro wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini, wale ni kazi nyingine) na kila nikisoma hiyo sentensi roho inaniuma, kwa sababu msomaji anaamini ameambiwa kitu kikubwa wakati hajaambiwa chochote. Imepimwa siku ngapi? Sehemu gani ya mti? Imeandaliwaje? Dozi gani? Bila hayo manne hiyo sentensi haina maana yoyote kwa mtu anayekwenda kunywa.

Ngoja nieleze kinachofanyika kule ndani maana nahisi wengi hawajawahi kuambiwa. Mti unaletwa, majani au magome au mizizi, inakaushwa kivulini, inatwangwa, unga unalowekwa kwenye maji au kwenye spiriti, unachuja, unakausha mpaka inabaki ile nzito tunayoiita ekstrakti. Panya wananyimwa chakula usiku, asubuhi unampima uzito mmoja mmoja alafu dawa inapelekwa tumboni moja kwa moja kwa mrija mfupi wa chuma wenye ncha ya duara usimchubue koo. Utaratibu unaotumika sana siku hizi ni wa OECD, ule umoja wa nchi tajiri wenye makao Paris, namba 423, unaanza na panya watatu, kawaida majike, unawapa dozi moja mara moja tu, unawaangalia kwa makini nusu saa ya kwanza na yale masaa 4 ya mwanzo, kisha kila siku mpaka siku ya 14. Nywele zimesimama? Anatetemeka? Anaharisha? Amejikunyata kwenye kona hali chakula? Kama wote wako hai kwenye miligramu 2,000 kwa kila kilo ya uzito, unarudia na watatu wengine, wakipona na hao unaandika kwamba kwa dozi hiyo haikuua. Mwisho wanauliwa bila mateso, unawafungua na kuangalia ini na figo na moyo kwa macho.

Basi, ndo hicho. Panya sita, dozi moja, wiki mbili.

Sikidharau hata kidogo, nimekifanya miaka nenda rudi na kwa kazi yake ni kipimo kizuri. Kazi yake ni kukamata sumu inayoua haraka. Kabla yake kilikuwepo kile kikongwe cha LD50, alichokianzisha Mwingereza J. W. Trevan mwaka 1927, unatafuta dozi inayoua nusu ya wanyama, na hapo ulikuwa unamaliza makumi ya wanyama kwa dawa moja tu mpaka OECD ilipokifuta kwenye orodha yake mwaka 2002. Hicho kipya kinatumia wanyama wachache na jibu la sumu ya haraka unalipata. Shida inaanza pale jibu la sumu ya haraka linapouzwa kama jibu la kila kitu.

Sababu mgonjwa wa sukari hanywi mara moja jamani. Anakunywa asubuhi na jioni, mwezi, miezi sita, mwaka, na wengine wanakunywa huku wana dawa za hospitali juu. Mtu akivuta pakiti moja ya sigara leo ukamwangalia wiki mbili hutaona kitu, je utasema sigara imethibitishwa haina madhara? Kwa dawa ya kunywa kila siku kuna vipimo vingine, kuna cha siku 28 na kuna cha siku 90. Cha siku 90 kinataka makundi matatu ya dozi tofauti na kundi la nne la kulinganisha ambalo halipewi dawa, kila kundi madume 10 na majike 10, kwa hiyo ni panya 80, kila siku wanapewa dawa, kila wiki mizani, mwishoni damu inapimwa vimeng'enya vya ini (vikipanda ni dalili ini limeumia), yurea na kreatinini za kuonyesha figo, viungo vinapimwa uzito, vinakatwa vipande vyembamba na daktari wa patholojia anaangalia kwa hadubini. Hiki ndo kinagharimu hela, hiki ndo kinahitaji watu na umeme usiokatika na chakula cha panya kisichoisha katikati ya wiki. Ndo maana ripoti nyingi zinaishia siku 14. Na kuna ambazo hazifiki hata kwa panya, zinaishia kwenye vile viduvi vya jamii ya kamba vinavyoanguliwa kwenye maji ya chumvi, unaweka dawa leo kesho unahesabu vilivyokufa, ni njia rahisi na inasaidia kuchuja mti upi uendelee na upi usiendelee, lakini viduvi havina ini kama letu wala figo kama zetu.

Mfano wa kwanza kila mtu anaujua, alovera. Nyumba nyingi ina kopo la alovera uani, kuku wanapewa, watu wanasaga jani zima na ile maji yake ya njano chungu wanakunywa. Marekani taasisi yao ya serikali inayopima sumu iliwapa panya ekstrakti ya jani zima la alovera kwenye maji ya kunywa kwa miaka 2, ripoti ikatoka 2013, na wale panya wakubwa waliopata dozi za juu wakatoka na uvimbe wa saratani kwenye utumbo mpana. Panya wadogo, wale wa jamii nyingine waliopewa hivohivo, hawakupata. Baadaye shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likaiweka ekstrakti ya jani zima kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Sisemi ukipaka alovera usoni utaugua, hapana, hiyo sio hoja na tafadhali mtu asiondoke na hiyo. Angalia vitu viwili tu. Kwanza ilichukua miaka 2, wiki mbili zisingeonyesha lolote, panya wote wangekuwa wanarukaruka na sisi tungeandika salama. Pili ni jani zima, na kinachoshukiwa kipo kwenye ile maji ya njano ya ganda, kwa hiyo anayetumia ute mweupe peke yake uliosafishwa na anayesaga na maganda hawatumii dawa moja hata kama mmea ni mmoja.

Mfano wa pili unauma zaidi. Ubelgiji, mji wa Brussels, kuanzia 1990 mpaka 1992 hivi, kliniki ya kupunguza unene iliwapa kina mama vidonge vyenye mitishamba ya Kichina, mmea mmoja ukachanganywa ukaingia mwingine wa jamii ya Aristolochia. Zaidi ya watu 100 figo ziliharibika, wengi wakaishia kwenye mashine za kusafisha damu au kupandikizwa figo, na baadaye wengine wakapata saratani ya njia ya mkojo. Sasa sikia, miaka ya mwanzo ya 1980 watafiti Ujerumani walikuwa wameshaonyesha kwamba asidi iliyomo kwenye huo mmea inaleta saratani kwa panya, na Ujerumani wakaziondoa sokoni dawa zenye nayo. Panya walishasema, karibu miaka kumi kabla. Taarifa ilikuwepo lakini haikumzuia mtu wa Brussels kumeza kidonge, na hapa ndo napata uchungu wa kazi yangu kwa sababu kumpima panya alafu jibu lisimfikie mnywaji ni bora usingempima.

Tena mwarobaini. Najua hapa nagusa pabaya, mwarobaini ni mti wetu, mimi mwenyewe nimeogeshwa majani yake nikiwa na surua. Lakini mafuta ya mbegu za mwarobaini sio majani ya mwarobaini. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika kuhusu watoto wachanga waliopewa mafuta hayo kama dawa ya nyumbani, wakatapika, wakapata degedege, ini likajaa mafuta, na watafiti walipowapa wanyama wa maabara mafuta yaleyale wakaona ini linaharibika kwa namna hiyohiyo. Kwa hiyo ukisoma mwarobaini umepimwa, uliza majani, magome au mbegu. Mlonge hivohivo, majani ni mboga watu wanakula miaka yote, ila mizizi yake ina sumu na haipaswi kuchukuliwa kama majani.

Na maandalizi, hapa niseme kidogo maana ndo panapopotea watu wengi. Bibi anachemsha kwenye sufuria, maabara imeloweka kwenye spiriti. Kinachotoka kwenye jani kwa maji ya moto na kinachotoka kwa spiriti ni vitu tofauti, na ushahidi mkubwa kuliko wote ni dawa ya malaria tunayoitumia sasa hivi kila zahanati. Mama Tu Youyou, mtafiti wa China, alipokuwa anahangaika na ule mmea wa jamii ya pakanga, matokeo ya mwanzo yalikuwa yanayumba, leo inafanya kazi kesho haifanyi, mpaka alipoacha kutumia moto mkali akatoa dawa kwa etha (kimiminika kinachochemka kwa joto dogo) kwenye joto la chini, na mwaka 1971 ekstrakti hiyo ikamaliza vimelea kwa panya na nyani wote. Jani lilelile! Mwaka uliofuata, majibu ya usalama kwa wanyama yalikuwa hayajanyooka, yeye na wenzake wawili wakainywa wenyewe wakiwa chini ya uangalizi kabla ya kumpa mgonjwa. Tuzo ya Nobel akapewa 2015. Kama njia ya kutoa dawa inaweza kugeuza kisichofanya kazi kikafanya kazi basi inaweza pia kugeuza kisichodhuru kikadhuru, na ripoti ya ekstrakti ya spiriti haimlindi mtu anayechemsha, wala ya kuchemsha haimlindi anayeuziwa unga mkavu kwenye vidonge.

Dozi nayo. Nimeshasikia muuzaji redioni anasema panya alikunywa gramu mbili kwa kilo akawa mzima kwa hiyo binadamu wa kilo 60 anaweza kunywa gramu 120 bila tatizo. Hapana! Mwili mdogo unachakata haraka, hesabu haiendi kilo kwa kilo. Kwa panya mkubwa unagawa kwa 6 na kidogo, kwa panya mdogo unagawa kwa 12 na kidogo. Miligramu 2,000 kwa kilo za panya mkubwa zinakuwa kama 320 kwa kilo kwa binadamu, mtu wa kilo 60 ni kama gramu 19, na hata hapo hujamaliza, unatakiwa uanze na ile dozi ambayo panya hawakuonyesha dhara lolote kwa kipimo cha muda mrefu, alafu unagawa tena angalau kwa 10 kabla ya kumpa binadamu wa kwanza. Ndugu yangu wa redioni aliruka hatua zote.

Nakumbuka pia mambo ya Loliondo mwaka 2011, kikombe cha dawa ya mti cha Mchungaji Mwasapila pale kijiji cha Samunge, shilingi 500, foleni za magari kilomita na kilomita, kuna waliofia njiani. Wataalamu walikwenda wakachukua dawa ya ule mti wa mugariga na tukatangaziwa kwamba kwa kikombe kimoja kile haina sumu. Watu wakasikia "inatibu". Wapo walioacha dawa za kupunguza makali ya ukimwi, wapo walioacha insulini. Panya asipokufa hajasema dawa inaponya, amesema hajafa tu, na magazeti yangeweza kulisema hilo kila siku kwa herufi kubwa.

Wajawazito ndo sijui nisemeje. Kipimo chao ni cha peke yake, unawapa panya wenye mimba alafu unaangalia vichanga, na ripoti nyingi za miti yetu hazina hicho kipimo kabisa, lakini dawa za kuongeza uchungu na za kusafisha mimba zinauzwa kila soko. Dunia ilishafundishwa hili kwa gharama ya zaidi ya watoto 10,000 waliozaliwa na viungo pungufu kwa ajili ya thalidomaidi, dawa ya kiwandani kabisa, ilianza kuuzwa Ujerumani 1957 ikaondolewa 1961, panya wa kawaida walikuwa wameimeza bila shida na hakuna aliyepima vizuri kwa wanyama wenye mimba mpaka mambo yakaharibika, baadaye sungura wakaonyesha.

Sasa naomba nieleweke upande mwingine. Siwapigi vita waganga wa tiba asili. Sheria ya mwaka 2002 inawatambua, wana Baraza lao, Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili ipo tangu 1974 ilipoanza kama kitengo kidogo, NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wapo, kwa hiyo nchi ilishaamua zamani kwamba hawa ni watu wa kufanya nao kazi. Na mara nyingi mganga ndo anayetendewa vibaya. Kwenye maabara moja niliyowahi kufanya kazi, sitaitaja, mzee mmoja alileta mizizi yake mwenyewe, kwa hiari, akatuelekeza inachemshwaje na mgonjwa anapewa kiasi gani. Dozi moja panya wote wazima. Tukaenda siku 28, kundi la dozi ndogo wazima, kundi la dozi kubwa maini yamepauka na vimeng'enya vimepanda kwenye damu. Hii ni zawadi kwa mganga! Ni kumwambia mzee wetu dawa yako kwa kipimo hiki inaweza kuvumilika lakini usizidishe na usimpe mtu mfululizo bila kupumzika. Kilichotokea ripoti iliandikwa kwa Kiingereza ikawekwa kabatini ikisubiri kuchapishwa, mzee anakuja anaambiwa bado, anarudi anaambiwa mhusika yuko safari, shikamoo anapewa na watu wazima tu, vijana hawana muda naye, mwisho akaacha kuja. Na wagonjwa wake waliendelea kunywa. Mpaka leo sijui walikuwa wangapi na nalifikiria sana hilo.

Kuna wanaoniuliza kama sioni huruma kuwaua panya. Naona, ndo maana naandika. William Russell na Rex Burch wa Uingereza tangu 1959 walisema mnyama asitumike pale penye njia nyingine, watumike wachache iwezekanavyo, na waumie kidogo iwezekanavyo, na sisi tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Mimi naongeza kwamba mnyama aliyekufa ili tujue kitu, alafu tukakificha au tukakipotosha kwenye tangazo, huyo tumemuua bure kabisa na hakuna sheria inayotuadhibu kwa hilo.

Kwa hiyo Mhariri ombi langu kwako ni dogo na halina gharama. Mwandishi wako au mtu wa matangazo akiletewa "imepimwa kwa panya" aombe ripoti, na gazeti lichapishe mstari mmoja chini: sehemu ya mmea, ilivyoandaliwa, dozi, na siku za kipimo. Kama ni siku 14 andikeni siku 14. Asiyekuwa na ripoti neno "imethibitishwa" litolewe kwenye tangazo lake, hela yake chukueni lakini hilo neno litoke. Kwa Wizara na taasisi zetu za utafiti, naomba itengwe hela ya kipimo cha siku 90 hata kwa miti michache tu ile inayonywewa zaidi na wagonjwa wa sukari na presha, na ripoti ziwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili anaopewa mganga aliyeleta mti, mkononi, siku hiyohiyo inapokamilika.

Na wewe unayesoma huku unakunywa dawa ya mti kila siku, sikwambii uimwage. Siku ya kliniki nenda nayo, chupa au kifurushi, mwambie daktari unakunywa tangu lini na kiasi gani na omba upimwe figo na ini. Anaweza akakufokea, wapo wa hivo, vumilia, lakini usimfiche maana bila kujua ulichokunywa hata majibu ya damu yako hawezi kuyasoma vizuri.

Wako,
Fundi wa maabara,
Morogoro